Adrien Atiman, mganga wa Karema

Mtu akisimama pwani ya Mpala na kuangalia mashariki, haoni kitu ila maji. Lakini angekuwa na macho ya kuvuka ziwa lote la Tanganika, angeona mbele yake, karibu sawasawa, mji wa Karema. Misioni hizi mbili ni ndugu. Zote mbili zilianza kuwa maboma ya wajumbe wa Mfalme Leopold II: Karema mwaka wa 1879, Mpala mwaka wa 1883. Na mwaka wa 1885 zote mbili zilitiwa mikononi mwa Mapadri Weupe. Basi nikileta hapa habari za mtu wa Karema sijaenda mbali. Nimevuka ziwa tu.

Mtu huyo ni Adrien Atiman. Hakuwa padri wala bruda, hakuwa mfalme wala askari. Alikuwa mganga na mwalimu wa dini, mtu wa ndoa, na kazi hiyo aliifanya Karema miaka 67.

Ninayo sababu ya kumleta. Ukiuliza vijana wetu: Mwanamume ni nani? watakujibu upesi. Mwanamume ni yule asiyeamrishwa na mtu. Mwanamume ana mali, na nyumbani kwao jina lake linajulikana. Atiman ukimpima kwa vipimo hivyo, hafai kitu. Aliuzwa kama mbuzi. Aliamrishwa na wakubwa tangu utoto. Na kwao hakurudi kukaa tena hata siku ya kufa. Hata hivyo mimi sijasikia habari za mwanamume aliyemzidi huyu katika nchi za ziwa letu. Tuzitazame habari zenyewe.

Alizaliwa karibu na mwaka wa 1866, penye mto mkubwa wa Niger, si mbali na mji wa Timbuktu, katika nchi inayoitwa leo Mali. Hapo ni mbali sana na sisi: jangwa la Sahara linaanza mlangoni pao, nasi tuko kusini ya misitu yote. Siku zile wezi wa watu walizunguka katika nchi ile kama walivyozunguka huku kwetu. Wa huku walitoka pwani ya mashariki na bunduki. Wa kule, Watuareg, walitoka jangwani na ngamia. Atiman alikuwa bado mtoto walipomkamata. Wakamvusha jangwa, safari ambayo watu wazima hufia njiani, wakamuuza. Hata akafika Metlili, mji wa ukingo wa kaskazini wa jangwa, katika Algeria. Hapo, mwaka wa 1876, Mapadri Weupe wakatoa fedha, wakamkomboa. Alikuwa mtoto wa miaka kumi hivi.

Liko jambo katika mwaka ule ambalo nalifikiri mara kwa mara. Katika mwaka huohuo wa 1876 mapadri watatu wa shirika lile, Paulmier, Ménoret na Bouchand, walishika njia ya Timbuktu ili wapeleke Injili huko, wakauawa jangwani na wale waliowaongoza. Wao walikuwa wanakwenda alikotoka mtoto, na mtoto alikuwa ametoka walikokwenda wao. Wao hawakufika, yeye hakurudi.

Watu wamesema juu ya ukombozi wa namna hii, tena si wajinga waliosema. Wameuliza: padri akinunua mtoto sokoni, hata kama ni kwa kumfungua, je, mwuzaji hafurahi, hakimbilii kuiba mwingine? Ni swali la haki, nami sitalifunika. Kardinali Lavigerie mwenyewe, aliyeanzisha shirika la Mapadri Weupe kule Algiers mwaka wa 1868, alijua kwamba kukomboa mmojammoja hakutamaliza biashara ile. Ndiyo maana mwaka wa 1888, ingawa alikuwa mzee, alizunguka Paris na London na miji mingine ya Ulaya akipigia kelele wafalme na wakristu wakomeshe utumwa wenyewe. Lakini mtoto aliyesimama pale Metlili na kamba hawezi kungojea wafalme wakubaliane.

Sasa Lavigerie alikuwa na mawazo yake juu ya watoto hao. Karavani ya kwanza ya mapadri kwenda maziwa makubwa ilitoka Algiers mwaka wa 1878, na mapema sana barua za huzuni zikaanza kurudi: fulani amekufa kwa homa, fulani amekufa njiani. Mzungu alikuwa hadumu. Tena hata yule aliyedumu alikuwa mgeni, na maneno ya mgeni husikilizwa kwa sikio moja. Basi Kardinali akasema kwamba Afrika itageuzwa na Waafrika wenyewe. Akachagua vijana katika wale waliokombolewa, akawapeleka katika kisiwa cha Malta kujifunza udaktari. Alitaka wasiwe mapadri. Alitaka waoe, wajenge, walime kama wenyeji, waponye wagonjwa na kuwafundisha dini kando ya kitanda. Tena hakutaka wafanywe Wazungu weusi, watu ambao wangewaona ndugu zao washenzi.

Chuo hicho kilifunguliwa mwaka wa 1881, naye Atiman alikuwa katika wale waliotumwa huko. Akasoma mpaka mwaka wa 1888.

Si budi nikae kidogo Malta, maana watu wengi husema “alisoma udaktari” kama kusema “alikunywa maji”. Udaktari wa siku zile ulikuwa kama nyumba isiyoezekwa. Mwaka wa 1880 daktari mmoja Mfaransa, Laveran, alikuwa ameona kwa darubini, katika damu ya mgonjwa kule Algeria, kijidudu cha malaria. Lakini kwamba mbu ndiye anayekipeleka, jambo hilo lilijulikana mwaka wa 1897 tu. Na katika Malta yenyewe, mwaka wa 1887, Atiman akiwa mwanafunzi kisiwani, daktari wa jeshi la Waingereza, David Bruce, aligundua kijidudu cha homa iliyowasumbua watu wa kisiwa. Ni yeye yule Bruce ambaye mwaka wa 1903, katika Uganda, alionyesha kwamba malale huletwa na mbung'o. Fahamuni basi: Atiman alipofunga mzigo wake kuondoka Malta alijua kupasua na kufunga jeraha, alijua dawa ya kinini, lakini hakuna mwalimu aliyeweza kumwambia kwa nini watu wa pwani ya ziwa wanapatwa na homa, wala kwa nini wengine wanasinzia hata kufa. Mambo hayo yalimfuata baadaye, Karema, akiwa kazini.

Mpango wa Malta haukufaulu wote. Hilo lazima nilieleze, maana bila hilo hatutamwelewa Atiman. Katika vijana wale, wako waliodumu, na wenzake wengine walitumwa upande huu wetu wa ziwa wakafanya kazi njema. Lakini wako pia waliochoka, wakashika njia nyingine. Mwaka wa 1896 chuo kikafungwa.

Hapo ndipo penye fundo la habari hii. Mtu aweza kusema: Huyu Atiman alichagua nini? Mwizi alimchukua bila kumwuliza. Mapadri walimkomboa bila kumwuliza. Kardinali alimpeleka Malta kwa mpango wake mwenyewe. Kisha akapangiwa Karema. Maisha yote yalikatwa na kushonwa na wengine, mfano wa kanzu. Iko wapi hiari yake? Na bila hiari, uko wapi uanaume?

Jibu langu ni wale wenzake walioacha. Kama wao waliweza kuacha, hata yeye aliweza. Hapakuwa na mnyororo Karema. Mtu mwenye ujuzi wa udaktari, katika nchi ambayo haikuwa na daktari kwa safari ya siku nyingi, angeweza kwenda pwani, kwenda Ujiji, kwenda kwa serikali yoyote, na kila mahali wangempokea kwa mikono miwili na kumlipa vizuri. Wito alipewa na Mungu, nao ulipita katika vinywa vya watu. Lakini asubuhi ya kila siku katika ile miaka 67, aliyeamka na kwenda kwa wagonjwa alikuwa yeye mwenyewe.

Aliondoka Ulaya mwaka wa 1888, akafika Karema mwanzo wa mwaka wa 1889. Alikuta misioni yenye makaburi mapya. Askofu Charbonnier alikuwa amekufa hapo Karema mwezi wa Machi 1888, miezi michache tu baada ya kupewa uaskofu. Askofu aliyemfuata, Bridoux, aliingia nchini mwanzo wa mwaka wa 1889, akafa Kibanga mwezi wa Oktoba 1890. Kijana wa miaka ishirini na kitu, mzaliwa wa Niger, aliingia mahali ambapo maaskofu hawamalizi miaka miwili.

Tena alikuta jambo jingine. Njia za utumwa zilikuwa bado wazi. Watu wa Rumaliza walikuwa bado na nguvu katika ziwa, na ng'ambo yetu Kapitani Joubert alikuwa anapigana nao kuwakinga watu wa Mpala na Mrumbi. Karema palikuwa na kijiji cha waliokombolewa: watoto wasio na jina la baba, wanawake wenye alama za kamba, wanaume waliochubuliwa shingo na kongwa. Watu hao ndio waliokuwa wagonjwa wake wa kwanza. Ndugu msomaji, fikiri. Mganga anayeosha kidonda kile ni mtu aliyevushwa jangwa zima akiwa mtoto, mali ya mwingine. Hahitaji kuelezwa. Najua madaktari wenye ujuzi kumzidi; lakini yule aliyelala kitandani akijua kwamba anayemfunga kitambaa alifungwa kamba kama yeye, hakupewa dawa peke yake.

Wazee wa kwetu hupenda kusimulia bunduki ya Joubert, na sisemi kwamba haikuwa na kazi: bila bunduki ile Mpala ingekuwa majivu. Lakini mambo ya vita husimuliwa vizuri kuliko mambo ya vidonda, na hiyo ni hasara kwetu. Vita ile ya ziwa iliisha katika miaka michache. Vidonda havikuisha.

Jambo moja wanaume hawa wawili walikuwa nalo sawa, nalo hunichekesha kidogo: kila mmoja alioa Agnes. Joubert, Mfaransa wa karibu na Nantes, alimwoa Agnes Atakaye mwaka wa 1888. Atiman, muda mfupi baada ya kufika, alimwoa Agnes Wansahira, binti wa jamaa ya watawala wa Wabende, ndio wenye nchi ya Karema. Wageni wawili, kila mmoja upande wake wa maji, wakajifunga kwa nchi kwa njia ya ndoa ya Kanisa. Tusiipite ndoa hii mbiombio. Mgeni asiye na ukoo hana mjomba wa kumsemea wala kaka wa kusimama naye siku ya ugomvi. Nyumba yake ikiharibika, hana nyumba nyingine ya kukimbilia. Katika nchi ambayo mwanamume mwenye cheo huhesabiwa kwa wingi wa wake, na hasa mganga, ambaye watu wangemletea binti zao kwa shukrani au kwa hofu, Atiman alikaa na ahadi aliyoitoa altareni.

Wenyeji husema: Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Atiman alilipokea jembe lake siku ya kwanza.

Hofu hiyo niliyoitaja, niieleze zaidi, maana humo yumo jaribu kubwa la mganga. Mgonjwa wa siku zile, na wa siku hizi pia, tusijidanganye, haulizi tu: Nina ugonjwa gani? Huuliza: Nani ameniroga? Na mganga anayejua kujibu swali hilo la pili ana nguvu kuliko mfalme. Neno lake moja laweza kumfukuza mwanamke mzee kijijini, kutenga ndugu na ndugu, kumwua mtu. Tena linalipwa: mbuzi, nguo, shamba. Dawa ya Atiman haikuwa na jibu la swali hilo. Alikuwa na maji ya moto, kisu safi, kinini, bendeji, na Katekismu. Yule aliyetaka jina la mchawi hakulipata kwake. Nadhani wako waliorudi nyumbani na hasira kwa sababu hiyo, wakaenda kwa mwingine. Hiyo ndiyo gharama ya unyofu: mara nyingine unapoteza mteja. Lakini wenye jipu, wenye mfupa uliovunjika, wenye macho yaliyofunikwa, mama aliyeshindwa kuzaa, walirudi.

Kisha yakaja malale. Katika miaka ya kwanza ya karne ya 20 ugonjwa huo ulipiga pwani zote mbili za ziwa. Wale mnaotoka Mpala na Kirungu mmesikia kwa babu zenu jinsi vijiji vizima vilivyokwisha. Serikali, huku na huko, zilihamisha watu katika sehemu za pwani ili kuwatenga na mbung'o. Dawa za kwanza zilizoletwa zilikuwa kali; iliyoitwa Atoxyl iliwaacha wagonjwa wengine vipofu. Mwanafunzi wa Malta, aliyetoka shuleni kabla ugonjwa huu haujafahamika, ilimpasa kujifunza upya akiwa na umri wa miaka arobaini, bila chuo na bila mwalimu mbele yake. Na si mara moja tu. Aliishi hata akaona sulfamidi, hata akaona penisilini. Mganga wa umri ule mara nyingi hujivunia alichojifunza ujanani na kudharau kingine. Mtu hafanyi kazi miaka 67 kwa kiburi cha namna hiyo.

Wakubwa walipita juu ya kichwa chake. Alipofika, bendera ya Wadachi ilikuwa ndiyo kwanza inatafuta njia ya kuingia bara. Katika vita ya 1914–1918 askari wa Wabelgiji walivuka kutoka kwetu na kuishika pwani ile. Baadaye wakaja Waingereza. Maaskofu nao walipita: Lechaptois alifika Karema mwaka wa 1891, akaongoza mpaka kufa kwake mwaka wa 1917, kisha Birraux, aliyeitwa mwaka wa 1936 kuwa mkubwa wa Mapadri Weupe wote. Kila mkubwa mpya alipofika Karema alikuta daktari yupo, na alipoondoka, kwa kufa au kwa kupandishwa, alimwacha daktari palepale.

Wengine wataona huu ni unyonge. Watasema: Kwa nini hakutafuta cheo? Hata mimi nilipokuwa kijana nilifikiri hivyo juu ya wazee wa misioni waliokaa na kazi moja. Sikujua ni kazi gani kukaa.

Mwaka wa 1923 Joseph Atiman, mwana wa Adrien na Agnes, alipewa upadri. Ng'ambo yetu Stefano Kaoze alikuwa amekwisha kupadrishwa mwaka wa 1917, mkongomani wa kwanza, kwa hiyo watu wa ziwa walikuwa wamezoea kidogo kuona mwana wa nchi altareni. Lakini tuangalie jambo hili kwa macho ya baba. Mtu aliyeibiwa ukoo wake, aliyeanza upya na jina tupu, mwanawe ndiye angepaswa kuwa mlango wa ukoo mpya. Kila mzazi wa kwetu anajua uzito wa neno hilo; wako waliokataa kumwachia mwana mmoja tu katika saba. Atiman alimtoa Joseph. Mtoto wake alitolewa kwa hiari ya mzazi na ya mtoto, si kwa kamba, na tofauti hiyo hakuna mtu aliyeijua kuliko yeye.

Heshima zilikuja uzeeni. Kanisa lilimpa nishani, na serikali pia. Mwaka wa 1946 masimulizi ya maisha yake yalitokea katika jarida la Tanganyika Notes and Records, lililosomwa na wataalamu na wakubwa wa serikali ya Waingereza. Yule aliyekuwa na bei sokoni sasa habari zake zikasomwa na mabwana wakubwa. Sijui kama ilimpendeza kuliko kuona jeraha lililofunga vizuri. Nadhani mganga wa kweli hupendezwa na hilo la pili.

Tazameni pia mfululizo wa wagonjwa. Wa kwanza walikuwa watu wenye alama za kongwa. Baada yao wakaja watoto waliozaliwa huru, ambao aliwasaidia kuingia duniani. Kisha watoto wa hao. Mwishoni akiwafunga vitambaa wajukuu wa watu waliowahi kununuliwa na kuuzwa, na wajukuu hao hawakujua kongwa ni kitu gani isipokuwa kwa kuelezwa. Yeye aliweza kuwaeleza.

Alikufa Karema mwaka wa 1956, umri wake karibu miaka tisini. Tanganyika ilikuwa imebakiza miaka mitano kupata uhuru wake, na Congo yetu minne.